Kilemba Mguuni

Changamwe, Mombasa
14 Februari 1966

Kwa Mjomba Shekhan bin Famau, Mkomani, Amu

Shikamoo, Mjomba. Nakuandikia nikiwa mzima, na natumaini waraka huu utakukuta na afya yako, na macho yamepungua kukuwasha. Mpe Mama salamu zangu. Mwambie ile achari ya embe iliisha siku ya nne, kwa sababu wenzangu wa chumbani hawana haya. Je, dada Mwanaarabu amejifungua? Sijapata habari.

Kazi inaendelea. Bado niko ghalani katika kiwanda cha mapipa. Bwana Kariuki, msimamizi wa ghala, ambaye ndiye pia mwalimu wa timu yetu ya mpira, ananipenda. Tumeshinda mechi nne. Hapa hawaniiti Husein tena, wananiita "Amu".

Jambo jingine dogo, karibu nilisahau: mguu wangu wa kulia umeshtuka kidogo mchezoni. Si kitu. Nachechemea asubuhi tu, ukipata moto naendelea. Tafadhali Mama asijue.

Mpwa wako,
Husein Barka


Mkomani, Amu
27 Februari 1966

Mwanangu Husein,

Salamu zako nimezipokea, nami nazirudisha na nyongeza yake, kama ipasavyo. Mama yako hajambo. Mwanaarabu amejifungua mtoto wa kike siku ya Ijumaa, mwenye sauti ya mnadi. Dari ya chumba cha nyuma inavuja. Fundi amekuja, ametazama juu, ametikisa kichwa, ameondoka.

Sasa nije kwenye neno lako "kidogo". Juzi ameteremka hapa mfanyabiashara wa samli aliyekuwapo uwanjani siku hiyohiyo. Amesema mbele ya watu wanane, mimi nikiwa wa tisa, kwamba ulitolewa kwa kubebwa, mtu huku na mtu huku, na kifundo cha mguu kimevimba mfano wa dafu. Ikiwa yeye ni mwongo, niandikie nimfukuze barazani pangu. Ikiwa mwongo ni wewe, niandikie vilevile.

Sikukufundisha kufupisha mambo. Nilikufundisha kusoma neno kwa neno, na kuandika ni hivyohivyo. Nataka habari yote: mguu umeteguka mara ngapi, nani ameutazama, na nani amekuruhusu kurudi uwanjani.

Wala usidhani nakuona mnyonge. Mtu wa samli alipomaliza nilimsimulia habari ya Maulidi ya mwaka wa sitini na mbili. Ilinibidi nimweleze, kwa kuwa ni mgeni, kwamba katika kirumbizi chetu mtaa huitwa kwa ngoma mara tatu utoe mcheza fimbo, na usipomtoa, umesalimisha fimbo hadi mwaka ujao. Nikamwambia jinsi ngoma ilivyoita mara mbili, na watu wa mtaa wa Langoni wamekwisha kushangilia, na wewe mguu umevimba tangu jana yake. Nami nikaufunga kwa kilemba changu mwenyewe, ukaingia, ukamtoa bingwa wao mbio. Watu wa barazani wakasema "Mashallah" kana kwamba hawajapata kuisikia.

Mwanamume wa namna hiyo haharibiwi na mpira wa kiwanda bila mimi kuuliza. Jibu upesi.

Mjomba wako,
Shekhan bin Famau


Changamwe
20 Machi 1966

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwa habari ya mtoto. Wamempa jina gani? Huku joto limezidi, na chumba chetu kina dirisha moja ambalo halifunguki.

Mtu wa samli si mwongo. Usimfukuze.

Mguu umeteguka mara tatu tangu Novemba. Mara ya kwanza niligongwa. Mara ya pili nilikanyaga shimo. Mara ya tatu, hiyo aliyoiona yeye, hakuna aliyenigusa wala hapakuwa na shimo. Nilikuwa nakimbia tu, mguu ukalala upande. Siku hizi unalala hata nikishuka ngazi, nikageuka kumwitikia mtu.

Kwenye zahanati ya kiwanda yuko muuguzi, Bi Nerea, mama mkali sana, mngeelewana. Ameushika mguu wa kulia, akaushika wa kushoto, akautikisa mmoja na mwingine, akaguna. Kwa maelezo yake, kano za kifundo ni kama kamba za kitanda: zikilegea upande mmoja, kitanda hulala upande huo, hata ukitandika shuka nzuri vipi. Na amesema kuna jambo baya kuliko kulegea: mguu wenyewe umesahau ardhi iko wapi, ndiyo maana unakanyaga kama mtu aliyefumba macho. Anataka nikae miezi mitatu bila mpira, na nifanye mazoezi aliyonipa. Nisipofanya hivyo, anasema, nitakuwa kijana huku kifundo ni cha mzee.

Nilimpelekea Bwana Kariuki maneno haya. Alicheka, akaupiga mguu kofi dogo, akasema, "Wewe Amu, sikiliza. Mguu huu si wako, ni wa timu." Siku ya mechi hunifunga mwenyewe kwa kitambaa, na ukiuma sana kuna mtu wa sindano.

Bi Nerea ameniuliza mguu uliteguka lini mara ya kwanza kabisa maishani. Nilimwambia sikumbuki.

Mpwa wako,
Husein


Mkomani, Amu
4 Aprili 1966

Mwanangu Husein,

Idd ya Hija imepita nasi wazima. Mama yako ametoa sadaka kwa jina lako. Mtoto ameitwa Wangu, kwa matakwa ya bibi yake wa upande wa Pate, nami sikuulizwa.

Barua yako nimeisoma mara moja nimekaa na mara mbili nimesimama. "Mguu huu si wako, ni wa timu"! Mtu gani huyo? Alizaliwa wapi, akalelewa na nani? Aliyekupa mguu ni Mwenyezi Mungu, tena kwa amana, na siku utakapoulizwa uliutumiaje, Bwana Kariuki hatasimama karibu nawe kukujibia. Punda wa hapa Amu akichechemea, mwenyewe humtua mzigo. Asipomtua, watu wazima humsimamisha njiani wakamkemea. Wewe umefanywa duni kuliko punda, na umeniandikia kana kwamba wanieleza hali ya hewa.

Na hiyo sindano! Maumivu ni mpiga mbiu wa mwili. Mtu anayemziba mdomo mpiga mbiu ili nyumba iendelee kuungua kimya, tumwiteje?

Nimemwandikia barua. Kurasa nne. Nimemwuliza kwa adabu, maana adabu haikosi nafasi, ni kwa ruhusa ya nani amejimilikisha kiungo cha mwana wa watu.

Nawe mjibu muuguzi. Amekuuliza swali la maana, na "sikumbuki" si jibu la mtu niliyemfundisha kuhifadhi. Uliteguka lini mara ya kwanza? Mwambie yeye, kisha niambie mimi, tumjue mkosaji wa mwanzo.

Mjomba wako,
Shekhan bin Famau


Mkomani, Amu
25 Mei 1966

Husein,

Salamu. Sote hatujambo. Najua mto Tana umefurika na mabasi yamekwama, kwa hiyo nilikusamehe majuma matatu ya kimya. Majuma manne yaliyofuata sikuyasamehe.

Bwana Kariuki amejibu. Ameandika mistari sita katika karatasi ya kufungia vitu. Nakunakilia mitatu: "Mzee, kijana wako ni mtu mzima. Yeye mwenyewe aliniambia amekwisha kucheza na mguu mbaya kuliko huu kwa sifa ya kwao, na wazee wake wanamsifu mpaka leo. Mimi nimemwomba kidogo kuliko nyinyi."

Sijapata kutukanwa kwa mistari michache hivyo. Kirumbizi cha Maulidi ni sifa ya mtaa na urithi wa wazee. Mpira wake ni wa kuwachangamsha wauza mapipa. Analinganishaje? Nimemwandikia tena, kurasa sita.

Ila nakuuliza wewe: kwa nini ulimwambia habari hizo? Na kwa nini huniandikii?

Mjomba wako


Changamwe
14 Juni 1966

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya. Mbusu mtoto Wangu. Barua zako zote nimezipata, na Bwana Kariuki amezipata zake. Amezibandika ukutani ofisini, huwasomea wageni. Nakuomba usimwandikie tena.

Nafanya mazoezi ya Bi Nerea kila siku baada ya kazi. Ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha kufumba macho. Wewe utasema si kazi. Jaribu. Mguu wa kushoto nasimama hadi nichoke mwenyewe. Wa kulia, nikihesabu nne naanguka. Wenzangu wananiita korongo. Mmoja hutupa vichwa vya dagaa miguuni pangu, anasema, "Kula, Korongo, upate nguvu." Juma lililopita nilifika kumi na moja, wakanipigia makofi.

Lakini mazoezi hayawezi kushindana na mechi. Kila Jumamosi hubomoa nilichojenga juma zima. Ijumaa iliyopita nilianguka msikitini, kwenye ngazi mbili za birika la udhu, mbele ya watu. Mzee mmoja alininyanyua akaniuliza kama nina kifafa.

Mechi ya kombe ni Jumamosi, tarehe 23 Julai. Bi Nerea amesema nikicheza hiyo mguu utakwisha, hakutumia neno jingine. Bwana Kariuki amesema nisipocheza, ghalani hapana nafasi ya mtu asiye mchezaji, maana niliajiriwa kwa ajili ya mpira.

Swali la Bi Nerea bado sijalijibu. Usiniulize sababu, Mjomba.

Mimi siwezi kukata shauri hili peke yangu. Tangu Baba afariki neno lako ndilo nililolifuata, nikalifuata hata pale lilipouma. Niambie nicheze au nisicheze. Neno moja latosha.

Mpwa wako,
Husein


Changamwe
5 Julai 1966

Mjomba, shikamoo. Sijapata jibu. Ni tarehe 23.
Husein


Mkomani, Amu
17 Julai 1966

Mwanangu Husein,

Usicheze.

Nimetanguliza neno hili kabla ya salamu, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani, ili hata barua ikilowa sehemu nyingine, hili lisomeke. Usicheze. Kazi ya ghala iache. Njoo nyumbani.

Sasa salamu. Mama yako hajambo, na ndiye aliyenifumbua macho, nami nitakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa nilikukataza kufupisha.

Barua yako ya Juni ilifika tarehe 27. Nilianza kukujibu siku ileile. Niliandika "usicheze", nikaendelea kumlaani Bwana Kariuki, kisha mkono ukasita nilipofika kwenye neno lako, "hata pale lilipouma". Nikaichana. Nikaanza ya pili, ikasita papo hapo. Ya tatu vilevile. Nikasema ngoja Maulidi yapite, akili itulie. Huo ndio uvivu wangu, na ulikuwa uvivu wa kiburi.

Jumatano, mkesha wa kirumbizi, walikuja vijana sita mlangoni wamemshika Yunusi, yule mcheza fimbo wetu wa sasa. Ameteguka akipakua boriti bandarini. Kifundo ni dafu. Wakasema, "Mwalimu, tumekuja kuomba kile kilemba." Nikauliza, "Kilemba gani?" Wakasema, "Kile cha Husein. Kina baraka. Mfunge Yunusi kama ulivyomfunga yeye."

Nikenda sandukuni. Naam, Husein, nilikwenda. Nilikuwa nimekwisha kukitoa, kimekunjwa na vikuba vya manukato, mama yako akasimama mlangoni pa chumba.

Akasema, "Wewe Shekhan, umeandika barua za ghadhabu hata wino ukaisha nyumbani. Mwalimu wa Mombasa, mwalimu wa Mombasa! Mwanangu aliteguka wapi mara ya kwanda?"

Nikasema, "Bandarini, kwenye ngazi. Hilo lilikuwa la Mungu."

"La Mungu lilikuwa la siku moya. La siku ya pili lilikuwa la nani? Hakukaa nao siku moya, Shekhan. Nalisimama papa hapa nikakwambia, mwate apumzike, mguu ni wake. Ukanijibu nini?"

Akanijibia mwenyewe, kwa sauti yangu, maana anajua kuniigiza tangu tukiwa wadogo: "'Mguu huu si wake, ni wa Mkomani.'"

Mwanangu, nilikaa juu ya sanduku. Nilikumbuka kurasa zangu kumi kwa yule mtu. Nilimwuliza alizaliwa wapi na akalelewa na nani. Maneno yake na yangu ni yaleyale, na wewe uliyasikia kwake ukayajua, ukanyamaza kwa kunistahi. Ukaniandikia "sikumbuki". Na miaka minne nzima nimekaa barazani nikikuvika kilemba cha ukoka, kila mgeni nikimweleza jinsi ulivyocheza, wala siku moja sikukuuliza jinsi ulivyotembea mwezi uliofuata. Mama yako anasema ulikuwa ukikandwa kwa maji ya chumvi hadi Ramadhani, ukimkataza asinambie. Nyumba moja, Husein! Nilikuwa wapi?

Niliwatokea vijana nikawaambia, "Yunusi hachezi." Wakadhani nafanya mzaha. Mmoja akasema, "Mwalimu, umeingiwa na woga?" Nikamwambia, "Nimeingiwa na akili, nayo imechelewa miaka minne."

Alhamisi ngoma ikaita mara ya kwanza, ikaita ya pili, ikaita ya tatu. Watu wote wa Mkomani wakanitazama. Nikaingia uwanjani mwenyewe, na fimbo ya mtaa, nikailaza chini mbele ya wazee wa Langoni. Wao hawakukawia. Wakaimba, "Mkomani wana kilemba, hawana miguu!" Wanawake wao wakapiga vigelegele juu ya madari. Waimbe. Yunusi yuko uani kwangu sasa, mguu umeinuliwa juu ya mto, ananung'unika. Uvimbe ukipungua nitamsimamisha kama korongo.

Mjibu muuguzi: ni Agosti, mwaka wa 1962, na aliyekurudisha uwanjani kabla ya wakati ni Shekhan bin Famau, mwalimu, wa Mkomani. Aliandike jina vizuri.

Barua hii nimempa abiria wa basi mkononi, nikamwapisha. Usicheze.

Mjomba wako


Changamwe
28 Julai 1966

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Barua yako niliipata Jumanne, tarehe 26. Abiria wako hana kosa. Basi lilivunjika mhimili Garsen.

Nilingoja hadi Jumamosi adhuhuri. Nilikwenda posta mara mbili siku ile, karani akanionea huruma akanionyesha sanduku tupu. Kisha Bwana Kariuki akaja chumba cha kubadilishia nguo na kile kitambaa. Ni cheupe. Nilipouona mguu wangu mikononi mwake niliwaza: Mjomba hajasema jipya, kwa hiyo neno lililosimama ni lile la zamani, la mwaka wa kilemba. Nikampa mguu.

Ilikuwa dakika ya ishirini na sita. Niliruka kupiga kichwa, nikashuka peke yangu. Hapakuwa na mtu karibu. Nilisikia mlio, na wenzangu wanasema waliusikia pia.

Bi Nerea hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema nitatembea. Kukimbia hapana. Wakati wa kusi utauma, na nikikaa muda mrefu utakakamaa, na ngazi nishuke nikishika ukuta. Nina miaka ishirini na tano. Ghalani wamekwisha kumweka mtu mwingine, beki kutoka Kisii, nduguye Bi Kwamboka, mpishi wa kiwanda.

Nimemjibu swali lake. Ameandika tarehe. Jina lako sikumpa.

Sijui kama nina hasira nawe. Usiku huu nimejaribu kuwa nayo, ikanijia ya watu wote pamoja, na mimi nimo. Nilikuwa na mdomo, ningeweza kusema "mguu ni wangu". Mara zote mbili nilingoja mwingine anisemee.

Nitakuja kwa chombo cha Mokowe, Jumapili tarehe 21 Agosti, nikiruhusiwa kushusha mguu.

Husein


Mkomani, Amu
9 Agosti 1966

Mwanangu Husein,

Nakusalimu, na mama yako anakusalimu. Amelia, ameacha, amekwenda kununua embe.

Umeandika kwamba ulikuwa na mdomo. Hilo nalikataa. Mtoto aliyelelewa na mimi hakuachiwa mdomo mbele yangu; nilijivunia jambo hilo nikaliita adabu. Hasira yako usiigawe kwa watu wote. Fungu la Bwana Kariuki mpe, maana ni lake na sitamtetea. Fungu langu nililetee lote, usilipunguze kwa sababu ya mvi. Nimekaa miezi sita nikimtafuta mtu wa kumkasirikia, nikamwandikia na kurasa kumi, naye alikuwa anakaa ndani ya kanzu yangu. Na hata nilipomjua, nilichana karatasi tatu. Barua ya kwanza ingalikufikia wiki mbili kabla ya mechi. Hilo sitajisamehe kwa maneno, wala nawe usinisamehe kwa barua.

Pana kazi. Nimezungumza na wazee wa chuo ninachosomeshea Kurani. Macho yangu hayaoni tena maandishi madogo, na watoto thelathini wanahitaji mwalimu wa kuwasomesha hesabu na kuandika. Ni kazi ya kukaa na kusimama upendavyo. Sikuahidi kwa niaba yako. Nimewaambia utajisemea.

Jana barazani palikuwa na mgeni, na watu wakanitaka nimsimulie habari ya Maulidi ya sitini na mbili, kama kawaida. Nikaisimulia. Mara hii niliifikisha mpaka dakika ya ishirini na sita. Hakuna aliyesema "Mashallah". Mzee mmoja alivuta mguu wake ndani ya kanzu, akakisugua kifundo. Nami nikakumbuka kwamba yeye alikuwa mcheza fimbo wa Mkomani mwaka ule nilipooa.

Jumapili hiyo maji yatakuwa yamekupwa, na ngazi za gatini zitakuwa na mwani. Nitakuwapo kwenye daraja ya chini, mimi na Yunusi, yeye upande huu na mimi upande huu. Kile kilemba nimekifua; utaniona nimekivaa kichwani, ndipo mahali pake.

Shuka polepole, mwanangu. Hapana ngoma inayokuita.

Mjomba wako,
Shekhan bin Famau